Kliniki Iliyokula Mahari ya Sumeya

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya majivu ya kibanda changu sokoni Bungoma, mkono mmoja umeshika shati lililobaki, mwingine umeshika shingo. Wengi wameniuliza mkono wa shingoni ulikuwa unatafuta nini.

Ulikuwa unapapasa uvimbe.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, mimi ni Yakub. Nauza nguo za mitumba, na kwa miaka mingi nilikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo nyuma ya soko. Kazi zote mbili ni za koo. Alfajiri nawaita watu kwa Mungu, mchana nawaita kwa suruali.

Moto ulikula kibanda, haukula sauti. Keshoye nilitandika turubai chini. Jirani yangu Eliakim, mkristo wa Kabuchai anayeuza viatu, akanigawia nafasi pembeni yake, nami nikaanza upya. "Mama, chagua! Chagua mwenyewe! Robota limefunguliwa sasa hivi!"

"Wewe Yakub," Eliakim alikuwa akisema, "hata ukiuza matambara watakuja tu kusikia."

Uvimbe wenyewe ulikuwa mkubwa kama limau, chini kidogo ya koo. Hauumi. Haunizuii kumeza. Mke wangu Zaitun alikuwa akiniambia kila siku, "Baba Sumeya, enda hospitali ya serikali wakuangalie." Nami nikijibu kesho. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani: binti yetu wa pekee, Sumeya, alikuwa amechumbiwa.

Mchumba anaitwa Aziz, ana duka la mbegu na dawa za mifugo Kitale. Kijana mtulivu, anasikiliza mtu mpaka amalize. Mahari ilishaletwa, yote, na mama yake mwenyewe, Bi Nafisa, mjane mwenye mali na mwenye maneno. Sumeya aliiweka benki. Alitaka kununua cherehani za umeme, afungue duka lake la ushonaji huko aendako.

Basi Bi Nafisa akaja tupange harusi. Akanywa chai, akaweka kikombe chini, akaniangalia shingo.

"Baba Sumeya, hii kitu ni ya tangu lini?"

"Ni ya siku nyingi, Mama Aziz. Haina shida."

"Haina shida kwako. Siku ya harusi si watu watapiga picha? Watu wa Kitale nawajua mimi. Watasema tumeoa kwa nyumba iko na ugonjwa wa damu. Kesho Sumeya akipata mtoto, watakuwa wanachungulia mtoto shingo."

Zaitun akainamisha macho. Sumeya, aliyekuwa akikusanya vikombe, akasimama hapo hapo na sinia mkononi.

"Kuna kliniki Kitale," Bi Nafisa akaendelea, sasa kwa upole. "Si ya kupanga foleni kama huku. Nitawapigia simu mimi mwenyewe. Watakushughulikia kama mfalme."

Ndivyo nilivyokwenda.

Na kweli nilipokewa kama mfalme. Nilipewa maji ya baridi kabla sijaulizwa jina. Sakafu ilikuwa inang'aa mpaka nikaona aibu ya viatu vyangu. Zaitun aliyenisindikiza alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua.

Daktari aliitwa Kinyua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinibonyeza shingo, akaniambia nimeze mate, akatikisa kichwa.

"Tufanye vipimo kwanza, mzee."

Wakachukua damu. Wakapiga picha ya shingo. Wakapiga picha ya kifua, nikauliza kifua kimefanya nini, nikaambiwa ni ya kuhakikisha. Wakanibandika nyaya za moyo, hizo pia za kuhakikisha. Kila nilipotoka chumba kimoja nilipita dirishani kulipa, ndipo mlango wa pili unafunguliwa. Tulipomaliza, ndama wangu wa Naitiri, niliyekuwa nimemuuza kwa ajili ya biriani ya harusi, alikuwa ameisha, kwato na mkia.

Daktari Kinyua akatazama karatasi zake.

"Mzee, hii tunatoa. Ukiacha, itakua ikufinye koo. Kitu kidogo tu, siku mbili uko nyumbani."

"Daktari," nikasema, "mimi kazi yangu ni sauti. Naadhini. Nauza kwa kuita."

Akacheka, na cheko lake lilikuwa zuri, sitamsingizia. "Utaadhini mpaka ukuwe babu. Usijali."

Kisha akataja gharama. Zaitun alishika ushungi wake, akauvuta mdomoni.

Tulirudi Bungoma. Nilikuwa nimeshaamua kuiacha shingo ilivyo. Lakini Sumeya alitusubiri mlangoni, akamuuliza mama yake, na mama yake hajui kuficha.

"Baba," Sumeya akasema, "nitatoa ile mahari."

"Mahari ni haki yako. Haiguswi hata na baba."

"Kama ni yangu, si naeza kuitumia nikitaka? Mimi nataka shingo yako kwanza. Cherehani zitangoja."

Nilikataa. Nikakataa tena baada ya chakula. Akaniambia neno lililonimaliza: "Unataka nikae kule Kitale kila siku nikisikia ati baba yangu ni mgonjwa?"

Nikakubali. Nimeandika neno hilo moja, na mkono wangu umesita.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, koo lilikuwa kavu kama kokoto. Zaitun alikuwa ameshika vidole vyangu. Nikataka kumwambia nina kiu.

Ilitoka hewa.

Nikajaribu tena. Hewa, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Zaitun akanicheka kwa mapenzi, "Pole pole, ndiyo umeamka." Muuguzi akasema ni kawaida. Daktari Kinyua akapita jioni, akatazama kidonda, akasifu kazi yake.

"Sauti itarudi, mzee. Ipe wiki chache."

Nikanyweshwa maji, yakaenda njia siyo. Nikakohoa mpaka machozi.

Uvimbe ulikuwa umekwenda, hilo ni kweli. Shingo ilikuwa nyembamba kama ya ujana. Majirani walikuja kuniangalia, wakasifu, wakauliza habari, nami nikawajibu kwa kichwa. Nilijifunza kuandika kwenye simu na kuwaonyesha watu. Wasiojua kusoma walitabasamu tu, wakaitikia wasichokijua.

Msikitini walimpa Naim kipaza sauti. Naim ni fundi viatu, mtu mwema sana, lakini sauti yake ni ya kuitia kuku. Adhana ya kwanza aliyoadhini, mimi nilikuwa nimeketi safu ya mbele, adhuhuri. Alipofika "Hayya ala-s-salah," midomo yangu ilifunguka yenyewe. Hakuna kilichotoka. Naim aliniona. Akakatiza katikati, akalia, ikabidi Sheikh amalizie.

Baada ya sala aliniambia, "Nisamehe, Yakub, nimekalia kiti chako." Nikamwandikia kwamba kiti ni cha Mungu. Nilimdanganya. Moyoni nilikuwa nikisema, ni changu, kirudishe.

Sokoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtumba usioitiwa ni matambara tu. Watu walipita juu ya turubai yangu kama wanapita tuta la barabara. Eliakim akawa anauza viatu vyake na kuniitia nguo zangu. "Viatu hapa! Nguo hapo! Chagua kwa Yakub!" Ikifika saa tisa naye amekauka koo. Nikaanza kufunga mapema, ili nisimmalize na yeye.

Wiki chache zikapita. Nikarudi Kitale.

Safari hii sikupewa maji. Nililipia kumwona daktari, nikaingia, nikakuta siye Kinyua. Alikuwa mwingine, mwenye haraka, aliyeongea huku akiangalia simu.

"Kidonda kimepona vizuri."

Nikaandika: SAUTI JE?

"Hiyo ni kuvimba tu kwa ndani. Nitakuandikia sindano."

Nikachomwa sindano, nikalipia sindano. Hazikuleta hata kikohozi chenye mlio.

Zaitun ndiye aliyeninyanyua. Siku moja alinikuta nimeketi kitandani mchana, nikijaribu kusema jina lake mbele ya kioo. Alinipa koti, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda hospitali ya serikali pale pale Bungoma. Foleni ilikuwa ndefu, benchi lilikuwa gumu. Tukakaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Joan Nekesa, macho mekundu kwa kazi. Alimsikiliza Zaitun hadi mwisho. Aliniingiza kijimrija chenye kamera puani, akatazama kooni kwa muda mrefu.

"Mzee, kuna nyuzi mbili za sauti," akasema. "Zinakutana, ndipo unaongea. Yako moja imelala. Mshipa unaoiamsha unapita hapo hapo walipokata."

Zaitun akauliza, "Itaamka?"

"Wakati mwingine inaamka, mama. Wakati mwingine hapana. Kuna mazoezi, tutamfundisha. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Nikaandika swali nililokuwa nimelibeba tangu mlangoni: UVIMBE ULIKUWA LAZIMA UTOLEWE?

Alisoma. Alichukua zile karatasi zetu za Kitale, akazipitia, akazipanga upya bila sababu.

"Daktari," Zaitun akasema, "mwambie tu."

"Kwa hivi vipimo, mimi ningeuacha. Ningemwangalia kwanza, labda kwa dawa. Watu wengi huku wanazeeka na uvimbe kama huo. Pole sana, mzee."

Zaitun hakulia pale. Alishukuru kwa adabu zote, akafunga karatasi kwenye leso. Tulipofika nje, chini ya ukuta ambapo wachuuzi wanauza ndizi, akaketi chini. Nilimshika. Alilia akisema kitu kimoja tu: "Ulikuwa unaniita kutoka sokoni nikiwa jikoni. Nilikuwa nakusikia."

Siku iliyofuata nilipanda kwenda Kitale peke yangu. Sikuwa nakwenda kutibiwa. Nilitaka Kinyua anitazame machoni.

Hakuwepo. Nikakaa nimngoje. Mapokezi walikuwa wasichana wawili. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, akidhani aliyepoteza sauti amepoteza na masikio.

"Si huyu ni ule mgonjwa wa Madam Nafisa?"

Nikasimama. Nikaandika, nikamwonyesha: MADAM NAFISA NI NANI HAPA?

Akatabasamu. "Kwani hujui? Si ndiye mwenye kliniki, yeye na daktari. Ati nyinyi si ni wakwe?"

Nilishika meza.

Kama nawe umechelewa kuelewa kama nilivyochelewa mimi, nieleze: Bi Nafisa alileta mahari kwangu. Sumeya akanipa. Mimi nikaipeleka kliniki, dirishani, mkononi mwa Bi Nafisa. Fedha ilitoka nyumbani kwake, ikatembea mpaka Bungoma, ikarudi nyumbani kwake. Njiani ikabeba sauti yangu.

Nyumbani kwake hakukuwa mbali. Alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha, akanimiminia chai. Nikaandika: KLINIKI NI YAKO?

Hakubabaika.

"Nusu. Nusu ni ya Kinyua. Sasa, Baba Sumeya, ubaya uko wapi? Ukiwa na duka, utapeleka mkwe wako kwa duka ya jirani?"

MAHARI, nikaandika.

"Mahari nilimpa Sumeya. Sumeya akakupa wewe. Wewe ukalipia matibabu yako. Mimi nimechukua ya nani?"

Nilitafuta kosa katika maneno hayo, nikaona kila neno limesimama pake, na bado yote kwa pamoja yalikuwa uovu. Ningekuwa na koo langu ningepiga ukelele mtaa mzima ukusanyike.

"Mimi nilikuwa nataka upone," akasema, na sauti yake ikashuka. "Wallahi nilitaka. Hili la sauti ni Mungu. Lakini kama unataka tuvunje harusi, hakuna aliyekufunga. Sema."

Akaningoja.

"Sema," akarudia.

Nadhani alisahau tu. Kisha akakumbuka, akaona haya, akainamia birika na kuniongeza chai nisiyoitaka.

Nikaondoka. Na hapa ndipo ninapoungama, kwa sababu gazeti halinioni uso. Sikumwambia mtu. Zaitun aliponiuliza Kinyua alisema nini, niliandika HAKUWEPO, na huo ulikuwa ukweli. Sumeya alikuwa amekaa sakafuni akishona lulu kwenye gauni lake, anaimba kwa ndani. Aziz alikuwa amempigia simu. Nilimtazama nikasema, huyu kijana hana kosa. Nikisema kitu, nitavunja nyoyo mbili zisizo na hatia. Watu wananihurumia ati siwezi kusema. Siku hiyo ningeweza, kwa kidole tu, na sikutaka.

Siku ya nikahi ikafika. Msikiti ulijaa. Wanawake walikuwa upande wao, nyuma ya pazia la kijani. Eliakim alikuja na suti, akavua viatu, akakaa barazani karibu na dirisha. Asubuhi Sheikh alikuwa amemuuliza Sumeya kama ameridhia, akasema ndiyo.

Aziz akaketi mbele yangu. Tukashikana mikono. Yake ilikuwa na jasho.

Sheikh akaniinamia. "Yakub, nifanye wakili wako. Sheria inaruhusu, hakuna upungufu. Nitasema kwa niaba yako."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimefanya mazoezi aliyonifundisha Daktari Joan, kila siku, nikiita jina la mwanangu. Nina binti mmoja. Nilitaka kumtoa kwa mdomo wangu.

Nikavuta pumzi, nikasema.

Mimi nilijisikia ndani ya fuvu. Nje haikutoka zaidi ya upepo. Msikiti ukangoja, ukidhani sijaanza.

"Mashahidi, mmesikia?" Sheikh akauliza.

Naim alikuwa shahidi mmoja. Wa pili alikuwa mjomba wake Aziz, mzee wa Kitale. Wakatazamana.

"Sheikh, hatujasikia."

Ndipo Naim alipoinuka. Alikuja akapiga magoti kando yangu, akaweka sikio lake karibu na midomo yangu, kama mtu anayesikiliza maneno ya mwisho ya mgonjwa. Mjomba wa Aziz akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Nilihisi ndevu zao mashavuni.

"Sema, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Tuko hapa."

Nikasema: "Aziz, nimekuozesha binti yangu Sumeya, kwa mahari mliyokubaliana."

Neno mahari lilinikwama. Nikalisukuma.

"Tumesikia," Naim akasema kwa nguvu, sauti imepasuka. "Wallahi tumesikia."

Kuna mtu alilia nyuma. Nikadhani ni Zaitun. Sheikh akamgeukia Aziz. "Jibu, mwanangu. Sema, nimekubali."

Aziz akafungua mdomo.

"Baba, ngoja!"

Ilitoka nyuma ya pazia. Wanaume wote wakageuka. Nilikuwa nimemfundisha Sumeya tangu utotoni kwamba msikitini hapigwi kelele, na hajawahi kunivunjia neno.

"Sheikh, nisamehe. Aziz asijibu bado. Mwambie Mama yake arudie kwa hao mashahidi, maneno amesema hapa sasa hivi kuhusu vile mahari yangu ilirudi kwake."

Pazia likatikisika. Nikasikia Zaitun akiuliza, "Gani? Maneno gani?" Bi Nafisa hakuyarudia.

Mkono wa Aziz ukalegea ndani ya wangu. "Mama?" akaita kuelekea pazia. Akanigeukia mimi. "Baba, ni nini? Wewe unajua?"

Naim na yule mzee wa Kitale walikuwa bado wameinama, huyu kulia, huyu kushoto, masikio yao karibu na mdomo wangu, wakingoja nijibu.